Kimanda Kisicho na Chumvi

Kitongoni, Ujiji
14 Desemba 1997

Kwa Mwanaima, kambini Lugufu.

Assalaam alaykum. Huku sote wazima isipokuwa Mzee mwenyewe, na ni yeye aliyenifanya nishike kalamu, kwa kuwa bila yeye nisingekuandikia. Natumaini nawe u mzima na umepata mahali pakavu pa kulala, kwa mvua hizi za mwaka huu.

Nitasema haraka. Tangu ulipochukuliwa kwenye msako wa wakimbizi, Mzee Chande hali asubuhi. Nikimwekea uji anaugeuzia uso. Nikimkaangia samaki wa mgebuka anasema harufu inamtapisha. Chai anakunywa mafunda mawili. Miguu imevimba mpaka kandambili hazimwingii. Juzi mafundi wenzake walikuja kutoka Bangwe kumwuliza habari za ile mashua aliyoiacha nusu, akashindwa kukaa kitako, akawajibu akiwa amelala.

Anachokitaja ni kimoja tu: kile chakula cha mayai na mboga ulichokuwa ukimpikia siku za zamu yako, kinachokatwa vipande kama mkate. Nimemkaangia mayai mara nne. Kila mara anasema sicho.

Niandikie kinavyopikwa. Barua mpe Gervasi, dereva wa lori la unga, huenda huko kila wiki na nyumba yangu anaijua. Andika kwa ufupi. Mimi si mgeni jikoni.

Mke wa Mzee Chande,
Hasna binti Mwinshehe


Lugufu
21 Desemba 1997

Kwa Bi Hasna, Ujiji.

Waalaykum salaam. Unaniuliza habari ya mahali pakavu. Nalala chini ya turubai pamoja na mama yangu mdogo na watoto wake watatu, na maji yanapita katikati yetu. Sasa umejua hali yangu.

Bi Hasna, siku ile ya msako nilifika mlangoni kwako nikiwa peku. Askari walinikuta nyumbani kwangu Bangwe naosha vyombo. Nikawaambia mimi nimeolewa, mume wangu ni Chande fundi mashua, mzaliwa wa Ujiji, leo yuko kwa mke mkubwa, twendeni mkamwulize. Wakakubali. Lori likasimama mbele ya nyumba yako, nikaita, ukatoka wewe. Mkubwa wao akakuuliza, "Mama, unamjua huyu?" Ukaniangalia usoni, mimi niliyekusuka nywele siku ya arusi ya binti yako, ukasema, "Simjui. Hawa wa ng'ambo wako wengi." Ukafunga mlango. Nikasikia komeo.

Sasa mtu usiyemjua atakufundishaje kupika?

Siku zako mbili alikuwa anavimba, siku zangu mbili anapungua. Nilikuambia tangu mwezi wa tisa, munganga wa hospitali alipomwambia figo zimechoka: acha chumvi, acha maharage, acha dagaa. Ukasema mwanamke aliyetoka Baraka, ng'ambo ya ziwa, hawezi kukufundisha kumlisha mume uliyeolewa naye mimi nikiwa sijaota meno. Haya, mlishe.

Na barua hii msomee. Msomee yote, ajue ni nani aliyemnyima chakula chake cha asubuhi.

Mke wa Mzee Chande vilevile,
Mwanaima


Ujiji
29 Desemba 1997

Kwa Mwanaima.

Salaam. Barua yako ilinifikia Ijumaa. Sijamsomea. Miwani yake imevunjika na mimi ndiye msomaji wa nyumba hii, kwa hiyo zitasomwa zile ninazotaka zisomwe.

Ulitaka niseme nini? Siku ile walikuwa wamekwishapita mtaa mzima. Jirani yangu aliyewaficha wakimbizi wa Uvira chumbani kwake alipandishwa lori pamoja nao, akalala kituoni siku mbili, ilhali hata babu yake amezikwa hapa hapa. Mimi ndani nina mgonjwa. Niliwaza wakiingia watamtoa kitandani. Na kama unautaka ukweli wote, chukua: niliwaza pia kwamba nyumba itarudi ilivyokuwa. Nimekaa na mtu huyu miaka ishirini na saba. Wewe ulifika na mashua iliyotoboka, yeye akaitwa kwenda kuiziba, akarudi ana mke wa pili. Hakuniuliza. Nilipata habari sokoni, kwa mwanamke anayeniletea mawese.

Lakini sikuandika kwa ajili hiyo. Jana daktari amemwona tena. Amesema hali ikiendelea hivi maji yatapanda kifuani, na kwamba vidonge anavyompa havitafanya kazi kama chakula hakikutengenezwa. Nikamwambia mgonjwa hataki kula. Akasema, "Basi mtafuteni yule aliyekuwa anamlisha akala." Nilitoka pale nimekasirika hivi kwamba niliipita nyumba yangu mwenyewe nikarudishwa na salamu za watu.

Mfungo unaingia keshokutwa. Nitakuwa nimefunga huku nampikia. Kama mapenzi yako kwake ni ya kweli, andika. Kama unataka kunikomoa mimi kwa njaa yake, usiandike, na mwezi huu mtukufu uwe shahidi yako.

Mke wa Mzee Chande,
Hasna


Lugufu
6 Januari 1998

Kwa Bi Hasna.

Saumu njema. Barua hii namwandikia yeye. Wewe ni mkono wa kupikia tu.

Tafuta kabichi, kitunguu maji kimoja, pilipili hoho moja ya kijani, na karoti ndogo ukiziona kwa wanawake wanaoteremka na mboga kutoka Kalinzi. Kabichi ichukue robo yake. Katakata vyote vyembamba kama vya kachumbari. Chemsha kwa maji mengi, mwaga. Tia maji mengine, chemsha tena, mwaga tena. Usiyatunze yale maji kwa supu wala usiseme utamu umekwenda na maji. Ndiyo tunataka uende. Kuna kitu ndani ya mboga ambacho figo zake haziwezi tena kukitoa, na hicho kinatoka kwa maji ya moto. Ndiyo sababu asile lengalenga, nyinyi mnaita mchicha, asile ndizi, asile viazi, na nyanya aziache kwa sasa.

Mayai matatu. Ute wa yote matatu, kiini cha moja tu. Vile viini viwili kula wewe ukifuturu, upate nguvu ya kunitukana. Pigapiga mayai na maji ya ndimu nusu, kitunguu swaumu punje mbili zilizopondwa, majani ya giligilani na pilipili manga ya kunusa tu. Chumvi hakuna. Sisemi kidogo, nasema hakuna.

Sufuria ndogo iko Bangwe, Verediana jirani yangu ana ufunguo, chukua. Ipake mafuta kijiko kimoja. Panga chini vipande viwili vya mkate wa jana, juu yake mboga iliyochujwa ikakauka, kisha mimina mayai taratibu yaingie kila pembe. Funika. Makala machache chini, mengi juu ya mfuniko. Usifunue funue. Harufu ya mayai ikijaa nyumba, ongeza muda wa kusali rakaa mbili, ndipo utoe. Kiache kipoe ndipo ukate.

Nilipika katika jiko la hospitali ng'ambo miaka mitatu, kwa wagonjwa wa namna yake. Najua waliopona walikula nini, na waliokufa walikula nini.

Sasa langu. Ofisi ya wakimbizi ipo hapo mjini. Sheikh aliyefungisha ndoa akienda na mtu wa nyumba ya mume, wakasema huyu ni mke halali, barua ya ruhusa hutolewa. Wawili wameshatoka hapa kwa njia hiyo. Sheikh Assani yupo mzima. Wewe una miguu. Mimi sikukupa chakula hiki kwa sharti, nimekupa kwa sababu ana njaa. Lakini ukikaa kimya nitajua wewe ni mtu gani.

Mke wa Mzee Chande,
Mwanaima


Ujiji
17 Januari 1998

Kwa Mwanaima.

Salaam. Kwanza jifunze: makala ni ya gazeti. Huku tunapikia makaa.

Siku ya kwanza kiliungua chini, juu kikabaki maji. Siku ya pili nilipunguza moto wa chini, nikapalia vizuri juu, kikatoka kimeiva na kimejaa. Nikampelekea. Akala matonge matatu, akasema, "Ndicho, lakini hakina mwenyewe." Nikajua ni chumvi. Wewe labda ulikuwa na njia ya kumbembeleza. Mimi sina umri wa kumbembeleza mtu ale majani ya kuchemsha. Siku ya tatu nilitia chumvi ya kuokota kwa vidole viwili, na nyanya moja kwa ajili ya rangi. Alikula chote. Aliilamba sahani, Mwanaima, aliilamba mpaka nikacheka. Tangu hapo anakula kila asubuhi. Kwa hiyo mapishi yako yalihitaji mtu mzima.

Kuhusu ofisi, siendi. Nikaseme nini? Kwamba yule niliyesema simjui, sasa nimeanza kumjua? Watanifunga kwa uongo. Na hata wasiponifunga, umewahi kuona wapi mwanamke anapanga foleni kuomba arudishiwe mke mwenza? Hapo sokoni watu watafunga biashara waje kunitazama.

Mke wa Mzee Chande,
Hasna


Lugufu
25 Januari 1998

Bi Hasna.

Leo sikusalimii.

Ameilamba sahani kwa sababu ya chumvi, na chumvi yenyewe imeshuka miguuni. Kaa chini sasa hivi. Bonyeza mguu wake kwa dole gumba, mbele, juu ya mfupa. Hesabu mpaka kumi, ondoa kidole. Kama shimo linabaki, shimo hilo umelichimba wewe.

Na ile nyanya ya rangi. Tulikuwa na mwalimu mmoja pale hospitali, mtu mpole, anaendelea vizuri. Mkewe akamletea ndizi mbivu kwa mapenzi, chane nzima, akakaa akammenyea. Moyo ulisimama siku hiyo hiyo kabla ya magharibi. Mimi ndiye niliyetoa maganda chini ya kitanda.

Unafikiri mimi hakunilalamikia? Alinirushia sahani ukutani. Siku kumi alinitukana mimi na ukoo wangu, ya kumi na moja akala akanyamaza, kwa sababu ulimi husahau chumvi. Wewe umeshindwa kuvumilia siku mbili za lawama. Ulitaka akusifu.

Unamuua. Na ukimwua, ukweli wote nitausema mbele ya jeneza.

Mwanaima


Ujiji
12 Machi 1998

Kwa Mwanaima.

Assalaam alaykum. Natumaini mvua haijawachukulia turubai. Barua yako ya Januari ilinifikia tarehe 27 Februari. Daraja lilizolewa na Gervasi alikaa mwezi mzima bila njia. Nakuambia hili usije ukadhani nilinyamaza kwa dharau. Safari hii haikuwa dharau.

Idi ilipopita alishindwa kupumua. Alikuwa akilala anakohoa kama mtu aliyezama, ikabidi tumwegemeze kwa magunia. Alilazwa siku kumi na moja. Nililala sakafuni chini ya kitanda chake. Daktari aliniuliza alikuwa anakula nini, nikamwambia mayai na mboga. Akauliza, "Na chumvi?" Nikasema hapana. Nilimdanganya daktari usoni, na mgonjwa ananisikia. Aliporuhusiwa, wino wa cheti haujakauka, barua yako ikaja.

Nilimbonyeza mguu. Nilihesabu mpaka kumi. Shimo lilibaki, na mimi nililitazama mpaka likajaa lenyewe.

Nikachukua barua zako zote tatu nikakaa naye kitandani, nikamsomea tangu ile ya kwanza. Sikuruka neno. Nilipofika kwenye mlango na "Simjui," nilirudia mstari toka mwanzo, nikaendelea. Nilitegemea anipige au anifukuze. Alikuwa anatazama dari tu. Nilipomaliza akasema, "Nilisikia."

Nikamwuliza, "Ulisikia nini?"

"Siku ile. Nilimsikia akiita. Aliniita kwa jina langu mara tatu. Nilikuwa macho."

"Ulikuwa macho, Chande?"

"Nilikuwa macho."

"Mbona ulinyamaza?"

Akasema aliogopa. Akasema alijua mimi nitatoka, na nitakalosema ndilo litakalokuwa.

Mwanaima, nimeishi miezi mitatu nikijiona mimi peke yangu ndiye mbaya wa nyumba hii. Nikisali nalia, nikifuturu chakula hakipiti. Kumbe tulikuwa wawili, na mwenzangu alikuwa ananiacha niibebe dhambi mwenyewe, ananidai kimanda. Niliondoka nikaenda uani nikapasua kuni nyingi ambazo sikuwa na kazi nazo.

Kesho yake nilikwenda kwa Sheikh Assani, tukaenda naye ofisini. Tulirudishwa mara mbili, mara ya tatu tukasikilizwa. Karani aliniuliza, "Mama, wewe ndiye mke mkubwa? Na unataka huyu arudi?" Nikamjibu, "Sitaki arudi. Nasema ni mke wake. Hayo ni mambo mawili." Walicheka ofisi nzima. Nilisimama wakacheka mpaka wakachoka, kisha nikaweka sahihi. Karatasi ya ruhusa imo ndani ya bahasha hii, ina mhuri.

Chumvi nimeitoa nyumbani kabisa, hata mimi nakula bila. Siku kumi amenitukana kama ulivyosema. Mboga namwaga maji mara mbili. Viini navichemsha nawapa watoto wa jirani. Miguu imeanza kushuka.

Usidhani nimekupenda. Nimechoka tu kukuonea.

Hasna


Lugufu
22 Machi 1998

Kwa Bi Hasna.

Waalaykum salaam. Mama mdogo anaugua malaria lakini anaendelea vizuri. Mimi mzima.

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa kwenye tope. Karatasi ya ruhusa nimeiona. Kila mtu hapa ameiona, imepita mikononi mwa watu mpaka imelainika. Wananiuliza nasubiri nini.

Bi Hasna, wewe nilikuchukia kwa raha, maana nilikuona. Ulisimama mbele yangu ukasema uongo wako kwa mdomo wako, na mimi nikajua adui yangu ana sura gani. Kumbe miezi yote hii nilikuwa nalala nawaza: yeye laiti angejua! Laiti asingekuwa amelala usingizi wa dawa zake, angetoka, angewaambia. Nilikuwa namwombea dua. Nilikuandikia mapishi nikidhani namwokoa mtu aliyedanganywa kama mimi. Mtu yuko macho! Ukuta mmoja wa udongo kati yetu, ananisikia naita!

Sirudi kwa karatasi iliyoletwa na mke mwenza. Aje yeye. Aje apande lori la Gervasi, ashuke hapa kwenye matope mbele ya watu, aseme kwa sauti mimi ni nani wake. Asiponifuata, mwambie akutazame wewe tu mpaka mwisho wa maisha yake.

Kimanda usikiache. Na maji ya kunywa umpimie.

Mwanaima


Ujiji
10 Aprili 1998

Kwa Mwanaima.

Assalaam alaykum. Mpe pole mama mdogo. Idi Kubwa imepita salama, nyama alitaka nikamnyima, alikasirika nikamwacha akasirike.

Nilimsomea barua yako siku ile ile. Akasema njia ni mbaya. Nikamwambia Gervasi anapita. Akasema magoti. Nikamwambia jana umekwenda Bangwe kutazama mashua na umerudi kwa miguu yako. Akasema watu watasemaje, mzee mzima kufuata mwanamke kambini kama kijana. Hapo ndipo niliposimama.

Nilimwambia, "Chande, mimi nimechekwa na ofisi nzima kwa ajili ya mke wako. Wewe unaogopa kuchekwa na nani?" Akasema nisimpandishie sauti ndani ya nyumba yake. Nikamwambia, "Basi kwa kuwa ni nyumba yako, na jiko ni lako. Kesho kimanda jipikie."

Alidhani natania. Asubuhi alikaa akisubiri sahani. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni nachambua mchele. Ilipofika saa tatu aliingia jikoni mwenyewe. Alikata kabichi vipande vya kumlisha mbuzi, akamwaga ute akabakiza viini, akaungua vidole kwa mkaa wa mfuniko. Alikula kitu cheusi. Kesho yake hivyo hivyo. Hakuweza kusema hakina chumvi, maana mpishi alikuwa yeye. Siku ya tatu aliniambia, akitazama chini, "Mwambie Gervasi aniwekee nafasi."

Atakuja Jumamosi tarehe 18. Nitamfungia kimanda kwenye bakuli, ale akifika. Asinywe zaidi ya vikombe viwili vya maji mpaka jioni, hata kama jua ni kali. Maharage ya kambini usimpe hata akilia. Mkitaka kugombana, gombaneni akiwa ameshakula.

Simwambii aseme nini. Atajua mwenyewe njiani.

Hasna


Lugufu
19 Aprili 1998

Kwa Dada Hasna.

Assalaam alaykum wa rahmatullah. Mama mdogo amepona. Mimi mzima, nimelala usingizi mzito ambao sijaupata tangu Novemba.

Alifika saa saba mchana. Amekonda lakini uso ni wake, na viatu vimemwingia. Umemtunza. Alishuka na bakuli lako kwapani, watu wakajaa, akauliza kwa sauti, "Mwanaima binti Omari yuko wapi? Ni mke wangu wa ndoa, nimekuja kumchukua." Wanawake wakapiga vigelegele. Sikudanganyi, ilikuwa tamu. Nilisimama nyuma ya turubai nikaacha aseme tena.

Nikamkalisha, nikampa maji nusu kikombe, akala. Watu walipotawanyika nikamwuliza, "Siku ile nilipokuwa naita, ulikuwa unawaza nini?" Alifikiri kwanza, hakutaka kunidanganya, hilo namkubalia. Akasema, "Niliwaza mwanamke atajua la kufanya."

Nikamwuliza, "Mwanamke yupi? Mimi niliyeshikwa, au Hasna aliyekuwa mlangoni?"

Akasema, "Yeyote."

Dada, nilikuwa nimefunga mzigo wangu. Ulikuwa umekaa pale miguuni, nimeufunga tangu Ijumaa. Nikautazama, kisha nikamtazama yeye anavyochukua kipande cha mwisho cha kimanda ulichopika wewe kwa mapishi yangu, na neno lile "yeyote" bado liko hewani. Nikamwambia aniandikie talaka.

Alilia. Alisema amefuata mke, vipi arudi na aibu. Nikamwita sheikh wa hapa na wazee wawili. Aliandika kwa mkono wake mwenyewe, polepole, na kalamu nilimpa mimi. Nitakaa eda yangu hapa. Jiko la wagonjwa la hapa wamenichukua, kuna watu wanne waliovimba miguu kama yeye, na mmoja wao ameanza kunitukana kwa sababu ya chumvi, kwa hiyo anaendelea vizuri. Karatasi ya ruhusa nakurudishia. Uliipata kwa taabu na sikuitumia, niwie radhi kwa hilo tu.

Ule mlango sijakusamehe. Huenda nikaja kukusamehe, huenda nisije, usiningojee. Lakini wewe ulisema uongo, ukaenda tena kwa miguu yako ukasema kweli, wakakucheka umesimama. Yeye kwa yote mawili alikuwa amelala.

Cherehani yangu mpe Gervasi. Kuku ni wa Verediana, amewalisha vya kutosha. Ile sufuria ndogo baki nayo, kubwa haitakupa moto sawa. Mpikie kila siku usikose, umwage maji ya mboga mara mbili, umpimie maji yake, usimhurumie akibembeleza. Sitaki afe. Nataka aishi miaka mingi sana, na kila asubuhi ya miaka hiyo ale bila chumvi.

Mwanaima binti Omari